Nimepewa Darasa la Wanafunzi 186, Sikupewa Namna ya Kuwafundisha

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mhadhiri msaidizi mwenye umri wa miaka 28, na tangu mwaka jana ninafundisha uchumi katika chuo kimoja hapa Mtwara. Nilimaliza shahada ya kwanza kwa GPA inayozidi 3.8, nikaendelea na uzamili, na kwa ufaulu huo nikapata ajira. Siku ya usaili niliulizwa maswali mengi kuhusu tasnifu yangu, kisha nikatakiwa kufundisha kwa dakika kumi mbele ya watu watano ambao wote walilijua somo kuliko mimi. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza wala kunifundisha chochote kuhusu kazi ya darasani.

Wiki moja kabla ya muhula kuanza nilikabidhiwa kozi ya mwaka wa kwanza ya kanuni za uchumi, yenye wanafunzi 186, pamoja na flashi yenye slaidi za mwalimu aliyenitangulia, ambaye amehamia chuo kingine. Mkuu wa idara ni mtu mwema mwenye kazi nyingi, naye aliniambia nikikwama nimwone. Nimefundisha kama nilivyofundishwa mimi. Kila wiki ninakesha nikijiandaa, ninaingia ukumbini na slaidi zisizopungua 60 kwa kipindi cha saa mbili, ninasoma na kufafanua hadi sauti inakauka, na wanafunzi wanaandika kwa utulivu mkubwa. Kwa muda mrefu niliuchukulia utulivu ule kuwa ni usikivu.

Wiki ya saba niliwapa jaribio. Kati ya wanafunzi 186 waliofaulu ni 71. Baada ya kubandika matokeo, kijana mmoja alinifuata mlangoni, akaniambia kwa adabu, “Mwalimu, mimi nimelimeza desa lote, slaidi kwa slaidi, lakini swali lako halikuwamo.” Akanifungulia daftari lake. Kweli alikuwa amenakili kila slaidi kwa mkono, hadi namba za kurasa na jina la yule mwalimu wa zamani lililoandikwa chini ya kila ukurasa.

Kuna jambo jingine dogo. Wiki ya tatu nilipokuwa ninaeleza jinsi ugavi na mahitaji yanavyopanga bei, binti mmoja wa viti vya nyuma, ambaye kwao ni Tandahimba, alinyoosha mkono akauliza kwa Kiswahili: kama bei inapangwa na ugavi na mahitaji, mbona mwaka 2018 wakulima waliikataa bei mnadani na korosho zikabaki ghalani? Nikamtaka aulize kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia. Akaanza, akakwama, baadhi ya wenzake wakacheka, akaketi. Nikasema tutalirudia. Sijalirudia hadi leo, na kwa kweli sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Tangu hapo hakuna mkono mwingine ulionyooshwa.

Ninaomba unielekeze vitabu, miongozo na mafunzo yanayoweza kumsaidia mhadhiri mpya, hasa yasiyohitaji fedha, kwa sababu idara yetu haina fungu la mafunzo na intaneti ya chuo ni ya kusuasua. Nimebakiwa na wiki nane. Nifanye nini ili nisiwapoteze hawa vijana?

Mhadhiri msaidizi, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote umeliweka karibu na mwisho na kuliita dogo. Unaomba vitabu, miongozo na mafunzo, nami nitakutajia ninavyovijua kabla sijamaliza. Hata hivyo, msaada wa kwanza ulishaletewa wiki ya tatu, na aliyekuletea ameketi kimya nyuma ya ukumbi tangu siku hiyo.

Tazama alichokuuliza. Ulikuwa umeonyesha mistari miwili inayokatana, mmoja wa ugavi na mwingine wa mahitaji, ukasema pale inapokutana ndipo ilipo bei. Yeye anatoka katika wilaya ya korosho. Msimu wa mwaka 2017 bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada ya kusini, na Oktoba 2018 wakulima wakasomewa bei zilizo chini sana ya hapo, wakazikataa. Korosho zilibaki zikisubiri hadi Novemba, Serikali ilipotangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Binti huyo, ambaye wakati ule alikuwa mtoto, aliyaona hayo nyumbani kwao, akaja chuoni akakuta mchoro usio na mahali pa kuyaweka, akauliza. Ndani ya swali lake mna bei ya chini kabisa ambayo muuzaji yuko tayari kuipokea, mna namna ambavyo bei ya msimu uliopita hujenga matarajio ya msimu huu, na mna soko lenye wauzaji wengi na wanunuzi wachache, ambalo silo soko linalodhaniwa na slaidi ulizorithi. Mna pia tofauti kati ya korosho iliyokaushwa vizuri, inayoweza kusubiri ghalani, na samaki aliyeshushwa asubuhi Mikindani ambaye lazima auzwe kabla jua halijawa kali. Mna, mwishowe, suala la bei inayotangazwa na mamlaka badala ya kupatikana mnadani. Ukihesabu, hizo ni mada zisizopungua tano za kozi yako, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alizifunga katika sentensi moja.

Kuhusu lugha, sikushauri uvunje utaratibu wa chuo. Ninakushauri ukumbuke kwamba wengi wa hao vijana walisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza na lugha ikabadilika ghafla, na wengine hawajawahi kupata muda wa kufikiri kwa sauti kwa Kiingereza bila kuogopa kuchekwa. Mwanafunzi akiuliza kwa Kiswahili, lipokee swali. Wewe mwenyewe liseme upya kwa Kiingereza safi, liandike ubaoni, kisha mwulize kama umelipata alivyokusudia. Kwa njia hiyo anasikia wazo lake mwenyewe likisemwa kwa lugha ya mtihani, na wenzake 185 wanajifunza sentensi hiyo pamoja naye. Unapowapa jambo la kujadiliana wawili wawili, waache wajadiliane kwa lugha wanayoiweza, kisha waandike na kutoa taarifa kwa Kiingereza. Na kicheko kikitokea, kikate siku hiyo hiyo kwa maneno machache yasiyo na hasira. Darasa linalomcheka muulizaji mara moja bila kukemewa hujifunza kutouliza, na hilo unaliona sasa.

Nataka nikuandikie kipindi kimoja kizima, kwa sababu maneno ya jumla kuhusu kumshirikisha mwanafunzi yamekwisha kuandikwa sana na hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya watu 186. Kipindi chenyewe kiwe cha wiki ijayo.

Ingia ukumbini na usiwashe projekta. Andika ubaoni swali hili: bei ya korosho ikipanda mara mbili wiki ijayo, korosho zitakazovunwa Mtwara msimu huu zitaongezeka mara mbili, zitaongezeka kidogo sana, au zitapungua? Yape majibu hayo namba moja, mbili na tatu. Wape dakika mbili kila mtu afikiri peke yake bila kusema na mwenzake, kisha waombe wote kwa pamoja waonyeshe namba ya jibu kwa vidole, mkono ukiwa kifuani ili jirani asione. Pitisha macho. Ninatarajia utaona vidole kimoja kimoja vingi, kwa sababu wamekariri kwamba bei ikipanda ugavi huongezeka. Usiseme nani amepata. Waambie kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti na lake na ajaribu kumshawishi kwa dakika tatu. Ukumbi utapiga kelele, na kelele hiyo usiiogope. Tembea katikati yao usikilize, kwa kuwa katika dakika hizo tatu utajua zaidi kuhusu wanachokielewa kuliko ulivyojua kwa wiki saba. Kisha wapige kura tena.

Baada ya hapo ndipo ufundishe, na utawakuta wana hamu ya kusikia. Eleza kwamba mkorosho umekwisha kuchanua na kuzaa, wala hakuna fedha itakayoufanya uzae tena mwezi huu. Kitakachoongezeka ni zile korosho chache ambazo watu wangeziacha chini ya miti na sasa wataziokota kwa makini. Chora mstari wa ugavi ulio karibu kusimama wima. Halafu uliza, na je, bei hiyo ikidumu miaka kumi? Watakuambia wenyewe kwamba watu watafyeka mashamba mapya, watapanda miche, watapulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, kwa bidii, na mstari utalala kidogo kidogo. Hapo umefundisha ugavi wa muda mfupi na wa muda mrefu bila kusoma slaidi hata moja, na mchoro umekuwa jibu la jambo walilolibishania wenyewe. Kipindi hicho ndicho kinachoweza kulibeba swali la binti wa Tandahimba, na nitalirudia mwishoni.

Dakika tano za mwisho, kila mtu aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, jambo moja alilolielewa leo na moja ambalo bado halijamkaa sawa. Usijaribu kusoma vyote 186. Chukua 30 bila kuchagua, visome jioni, na uanze kipindi kinachofuata kwa kujibu lile lililojirudia zaidi. Wakiona mara mbili kwamba wanachokiandika kinajibiwa, wataanza kuandika kwa ukweli.

Njia hii ya kupiga kura, kubishana na kupiga kura tena ilianzishwa mwaka 1991 na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake waliweza kukokotoa maswali magumu ya vitabuni lakini wakashindwa maswali rahisi yaliyohitaji kuielewa dhana yenyewe. Ni maradhi yale yale ya kijana aliyekuonyesha daftari, tena katika chuo chenye kila kitu. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi ya vyuo, wakaona kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara moja na nusu zaidi ya wale waliopewa kazi za kufanya ndani ya kipindi. Mazingira ya tafiti zile si ya kwetu na somo si lako, lakini kwa miaka yangu darasani sijaona sababu ya kudhani kwamba vijana wetu wameumbwa tofauti.

Huenda unajiuliza, nikitumia dakika ishirini kwa swali moja, slaidi 60 nitazimaliza lini? Hutazimaliza, wala hukutakiwa kuzimaliza. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti kumi ni saa 100. Jumlisha mihadhara yako yote ya muhula uone kama inafika hata nusu ya saa hizo. Sehemu iliyobaki ni ya semina, kusoma, kufanya mazoezi na kuandika, na wewe umekuwa ukijaribu kuibeba yote kwa koo lako. Yale ambayo mwanafunzi anaweza kuyasoma mwenyewe, mpe ayasome kabla ya kipindi, kurasa chache, pamoja na maswali mawili ya kumwongoza. Muda wa ukumbini utumie kwa yale ambayo hawezi kuyafanya peke yake. Katika slaidi ulizorithi, bakiza michoro na majedwali, na maneno mengine yaweke katika maelezo ya kusoma nyumbani. Na kama humo mna mifano ya pizza na tufaha, iondoe bila huruma. Una mihogo, ufuta, dagaa na gesi ya Mnazi Bay.

Sasa tuje kwa kijana wa daftari, maana simwoni kama mvivu. Alifanya kwa uaminifu kile ambacho vipindi vyako vilimwonyesha kuwa ndiyo kazi, yaani kunakili, kisha jaribio likamdai kitu kingine ambacho hakuwahi kukifanya mbele yako. John Biggs, aliyeandika mwaka 1996 kuhusu upangaji wa kozi, alisisitiza kwamba malengo, shughuli za darasani na mitihani lazima vivute upande mmoja. Kwa kila mada iliyobaki, andika sentensi moja inayosema mwanafunzi ataweza kufanya nini mwishoni, na usitumie neno “kuelewa”, kwa sababu kuelewa hakuonekani kwa macho. Andika kwamba ataweza kuchora, kukokotoa, kulinganisha bei za minada miwili na kueleza sababu ya tofauti. Kisha jiulize ni lini ndani ya kipindi atalifanya jambo hilo kwa mkono wake, na swali gani la mtihani litalipima. Ukikosa jibu la mojawapo, mada hiyo haijawa tayari kufundishwa.

Kwa waliofeli, usiongeze alama kimya kimya ili orodha ipendeze. Rudisha karatasi zote wiki hii hii, chukua swali lililowashinda wengi, na walifanye upya wakiwa makundi ya watatu huku ukipita. Nenda kwa mkuu wa idara na orodha ya alama mkononi, umweleze ulichokiona na unachokusudia kukibadilisha, na umwombe ruhusa ya kutoa jaribio lingine ikiwa kanuni za chuo zinaruhusu. Alikuambia ukikwama umwone. Umekwama, basi mwone. Unaposahihisha, andaa mwongozo wa usahihishaji kabla hujasahihisha hata karatasi moja, sahihisha swali la kwanza kwa karatasi zote ndipo uende la pili, na ufunike majina. Huna muda wa kuandika maoni kwenye karatasi 186, lakini unaweza kuandika ukurasa mmoja wa makosa makubwa matatu na namna ya kuyasahihisha, ukaubandika na kumpa kiongozi wa darasa ausambaze.

Nyenzo ulizoomba ni hizi. Kitabu cha kusomesha kozi ya utangulizi kama yako unaweza kukipata bure OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Texas unaotoa vitabu vya kiada kwa leseni huria. Soma ukurasa wa leseni kabla ya kunakili, utimize masharti yake na umtaje mwenye kazi. Kwa kuwa intaneti yenu ni ya kusuasua, pakua faili mara moja, gawa sura moja moja kwa flashi au simu kwa simu, na usimlazimishe mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha yake ya mkopo, kununua bando kila wiki. Kwa makala za majarida, muulize mkutubi kama chuo kimejiandikisha Research4Life, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kuyafikia majarida ya kitaalamu bure au kwa bei nafuu. Wahadhiri wengi wapya hawajui kwamba mkutubi ni mtu wa kumtembelea, na hilo hunisikitisha. Kama chuo kina Moodle, yaani mfumo wa kufundishia mtandaoni, anza kwa kuweka humo maelezo ya kusoma na maswali mafupi tu, usijibebeshe zaidi ya hapo muhula huu.

Nyenzo za mifano unazo mlangoni. Makao makuu ya Bodi ya Korosho Tanzania yako hapo hapo Mtwara, na kituo cha utafiti cha Naliendele, kinachojulikana kwa mbegu bora za mikorosho, hakiko mbali na mjini. Nenda na barua ya idara, uombe takwimu za bei na kiasi kilichouzwa kwa misimu kadhaa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Benki Kuu huchapisha taarifa ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma. Usiwasahau pia viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, yaani AMCOS. Karani mmoja wa AMCOS aliyekaa na vijana kwa nusu saa, akawaeleza stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kwa mnada yakiwa ghalani, hatua kwa hatua, tangu mkulima anapopima mzigo hadi fedha zinapoingia benki, na kwa nini kuna wanaouza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa kipimo cha bakuli nje ya mnada, ingawa wanajua wanapunjwa, atawapa mambo ya kujadili kwa wiki mbili. Mkulima anayeuza kwa bakuli mwezi Agosti kwa sababu ada ya mtoto haiwezi kungoja mnada wa Oktoba anafanya uamuzi wa kiuchumi, na inafaa wanafunzi wako waweze kuueleza bila kumdharau.

Kwa upande wa mafunzo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Mtwara na Lindi na hutoa stashahada ya uzamili ya elimu unayoweza kuisoma ukiwa kazini. Inahitaji ada, kwa hiyo iwe mpango wa mwaka kesho. Ulizia pia katika vyuo vya Mzumbe na Dodoma, ambavyo vilishiriki katika mradi wa TESCEA wa kuboresha ufundishaji wa vyuo vikuu Afrika Mashariki, na ambako wapo wahadhiri waliojifunza kuisanifu kozi upya kwa hatua. Barua pepe moja yenye heshima kwa mtu wa fani yako inaweza kukupatia mengi.

Lakini mafunzo ninayoyaamini kuliko yote hayana ada. Mwombe mwenzako mmoja mkubwa kikazi, anayependwa na wanafunzi kwa sababu wanamwelewa, akuruhusu ukae nyuma ya darasa lake mara mbili. Kisha umwombe aje kwako. Mimi nilipokuwa mpya, mzee mmoja aliketi nyuma yangu kwa saa nzima akiwa na saa ya mkononi na karatasi. Hakunipa maoni yoyote kuhusu somo. Alinionyesha tu alichoandika: nilikuwa nimeuliza maswali kumi na manne, na baada ya kila swali nilisubiri sekunde mbili hivi, kisha nikalijibu mwenyewe. Nilihisi nimekosea sana, kwa kuwa nilikuwa nimewalaumu wanafunzi wale muhula mzima kwamba hawajibu. Tangu siku hiyo nikiuliza ninahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua kinywa, na mara nyingi mtu hujibu nikifika sita au saba. Mwambie mwenzako akuhesabie mambo hayo tu: dakika ulizosema wewe, dakika walizofanya kazi wao, maswali, na sekunde za kusubiri.

Usingoje fomu za tathmini za mwisho wa muhula, kwa sababu zitakuja wakati huna tena namna ya kuwasaidia waliozijaza. Wiki ya tisa au ya kumi waulize kwa karatasi maswali mawili, ni kipi kinawasaidia kujifunza na kipi kinawazuia, kisha uwaambie waziwazi utakachobadilisha na ambacho huwezi kukibadilisha, pamoja na sababu.

Na ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, liandike kwenye daftari lako mbele yao, na ulilete kipindi kinachofuata likiwa la kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Kusema “tutalirudia” ni ahadi, na wanafunzi huhesabu ahadi za mwalimu hata wasipomwambia.

Kwa hiyo, kabla ya kipindi hicho cha wiki ijayo, mtafute yule binti nje ya darasa, mahali pa wazi, akiwa na rafiki yake ili asiingiwe na hofu. Mwambie kwamba siku ile hukumjibu kwa sababu hukuwa na jibu, kwamba hukupaswa kumwacha aketi vile, na kwamba umelifanyia kazi swali lake na unataka darasa zima lilijadili. Mwulize kama angependa alisome yeye au ulisome wewe, na kama ungemtaja jina au la. Akitaka ulisome wewe, lisome kwanza kwa Kiswahili, kama alivyolisema.